Selous: Mzee wa risasi moja aliyelala Beho Beho

Abiria wa basi la Kyela kwenda Dar es Salaam wanaijua Mikumi. Ukishaiacha Iringa, ukashuka Kitonga na kupita Ruaha Mbuyuni, unajua muda si mrefu dereva atapunguza mwendo, simu zitatoka mifukoni na kila mtu atakuwa anatafuta tembo dirishani. Tembo wale hawajui mpaka. Kusini mwao kuna pori kubwa ambalo kwa karibu miaka 100 liliitwa Selous, na sehemu yake bado inaitwa hivyo.

Wengi wanalitaja jina hilo bila kujua kwamba ni la mtu. Frederick Courteney Selous hakuwa gavana wala jenerali. Alikuwa mwindaji na mlenga shabaha, na sehemu kubwa ya sifa zake ilitokana na bunduki za kupiga mara moja tu. Ukikosa, unaanza upya, na mnyama yuko mbele yako.

Mtu wa mpira ataelewa haraka. Bunduki ya risasi nyingi ni kama kushambulia kwa kona mfululizo, moja ikipotea ipo nyingine. Ya risasi moja ni penalti. Hata kwenye Olimpiki, ambako kulenga shabaha kumekuwepo tangu 1896, bunduki ndogo za mita 50 zinaingizwa risasi moja moja kwa mkono mpaka leo. Tundu lake ni milimita 5.6, na duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4 tu. Hapo hakuna kubahatisha.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Januari 1867, akiwa na miaka 15, alikuwa miongoni mwa mamia ya watu waliokuwa wakiteleza juu ya barafu katika bwawa la Regent's Park. Barafu ikavunjika. Watu 40 walikufa siku ile. Kijana Selous hakusimama wala hakukimbia, alijilaza kifudifudi akatambaa kutoka kipande hadi kipande mpaka akafika ukingoni. Ukisoma maisha yake yote, tabia hiyo inajirudia: mambo yakiharibika, yeye anatulia.

Alisoma Rugby, shule iliyoupa mchezo wa raga jina lake, lakini akili yake ilikuwa kwenye mayai ya ndege na vitabu vya wawindaji wa Afrika. Septemba 1871 akashuka Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na miaka 19 na pauni 400 mfukoni. Alikuja na bunduki nzuri ya mitutu miwili. Haikumaliza safari. Ikaibiwa njiani akielekea kwenye machimbo ya almasi.

Hapo ndipo stori yake ya bunduki inapoanza, na inaanza vibaya kwelikweli.

Badala ya bunduki ile alinunua magobore mawili ya bei rahisi, pauni 6 kila moja, yaliyotengenezwa Birmingham kwa ajili ya kupigia bata. Usidanganywe na neno bata. Mtutu wake ulikuwa na upana wa karibu milimita 26, kiasi kwamba ratili moja ya risasi ya plumbamu ilitoa vidonge vinne tu. Yaani kila kidonge kilikuwa na uzito wa gramu 113. Baruti aliibeba mkobani bila kupimwa, anachota kwa mkono na kumimina. Wazee wa vijijini waliowahi kuona gobore likishindiliwa wanajua kazi yenyewe: baruti kwa mdomo wa mtutu, kidonge, shindilia, pachika fataki, ndipo ulenge. Sasa fanya hivyo unakimbia kwa miguu nyuma ya tembo aliyejeruhiwa.

Mwaka 1872 alifika kwa mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimcheka kwa utoto wake, akaona huyu dogo tembo watamfukuza, akamruhusu. Katika misimu mitatu Selous aliua tembo 78 kwa magobore yale, akiwa kwa miguu, kwa sababu maeneo yale yalikuwa na mbung'o waliomaliza farasi.

Lakini bunduki ile ilikuwa inampiga na yeye. Siku moja fataki ililia bila baruti kushika moto. Msaidizi wake, katika haraka ya kumrudishia silaha, akashindilia baruti na kidonge kingine juu ya vile vya kwanza. Selous hakujua. Alipofyatua, bunduki ilimnyanyua, ikamgeuza na kumwangusha kifudifudi, yenyewe ikaruka mita kadhaa nyuma yake. Shavu lilichanika, bega likafa ganzi, kitako kikavunjikavunjika. Kitako kile kilikuwa tayari kimefungwa kwa ngozi ya ndani ya sikio la tembo, iliyovalishwa ikiwa mbichi ili ikikauka ibane. Huo ndio ulikuwa ufundi wa porini. Hakuna duka, hakuna gundi, unamtumia mnyama uliyemuua kuunganisha silaha iliyomuua.

Miaka mingi baadaye Selous alikuwa akilalamika kwamba magobore yale yalimharibia mishipa. Mwili ulijifunza kuogopa teke, na mtu anayeogopa teke hufumba macho anapofyatua. Ni kama mshambuliaji aliyevunjwa mguu mara moja: mpira ukija kwenye boksi, anautoa kabla ya kuguswa. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiita mpigaji bora, alijiweka daraja la kati. Unyenyekevu huo una ukweli ndani yake. Kilichomfikisha mbali ni kusogea karibu, kusubiri na kupiga mahali panapotakiwa.

Baada ya hapo alitumia bunduki nyingine za mtutu mpana, kisha katika miaka ya 1880 akakutana na silaha iliyomfaa. Iliundwa na Gibbs wa Bristol kwa mtambo ambao Mskoti John Farquharson alipewa hataza yake mwaka 1872. Ilikuwa bunduki ya risasi moja, tundu lake chini ya milimita 12, chini ya nusu ya lile la gobore la bata.

Mtambo wa Farquharson ni kitu kizuri, hata kwa mtu asiyependa silaha. Chini ya trigga kuna mpini. Ukiusukuma chini, pande la chuma lililoziba nyuma ya mtutu linateremka kama mlango wa kuporomoka, na chemba inakuwa wazi. Chemba ni kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi nzima, ganda na kichwa chake, inalala kabla ya kufyatuliwa. Unaingiza risasi moja, unarudisha mpini, mlango unapanda na kufunga. Hakuna vipande vingi vya kuchezacheza. Nguvu yote ya mlipuko inagonga pande moja nene la chuma, ndiyo maana mtambo huo ulivumilia risasi zenye nguvu kuliko zile ulizoundiwa mwanzo.

Ndani ya mtutu kulikuwa na mifereji iliyobuniwa na mhandisi William Metford, inayokizungusha kichwa cha risasi ili kisiyumbe angani. Ghafla mtu aliyekuwa anasogea mpaka hatua chache kutoka kwa tembo akaweza kupiga swala mbali, kwa kidonge kidogo, bila bega kufa ganzi.

Lakini wakati anapata bunduki nzuri, tembo walikuwa wameshaisha. Nchi ya Wandebele iliyompa 78 haikuwa na kitu tena, maana hakuwa peke yake, wawindaji wa Kizungu na wa Kiafrika walikuwa wakifuata pembe zile zile. Biashara hiyo ilifika hata huku kwetu. Mwaka 1877 konseli wa Uingereza wa Msumbiji, James Frederick Elton, alifika na wenzake kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nchi ambayo leo ni Kyela na jirani zake, akichunguza biashara ya watumwa, na msafara wake uliwinda tembo njiani. Leo mtoto wa Ipinda akitaka kumwona tembo inabidi apande lile basi la Mikumi.

Selous akageuka kuwa mkusanyaji. Makumbusho zilimlipa kwa ngozi na mafuvu ya wanyama, na ile ya historia asilia ya London ina zaidi ya vielelezo 500 vya mamalia kutoka kwake.

Mwaka 1888, kaskazini ya Zambezi katika nchi ya Waila, kambi yake ilivamiwa usiku na watu wake kadhaa wakauawa. Alitoroka gizani na bunduki moja na risasi nne. Nne! Siku chache baadaye, akiota moto kijijini, hata bunduki hiyo ikaibiwa na mwizi akamlenga nayo. Akajitupa kwenye majani, akaondoka kwa miguu mikono mitupu mpaka akapata wenyeji waliompokea. Ilikuwa mara ya pili bunduki yake kuibiwa, na safari hii hakukuwa na duka la Kimberley.

Kuna ukurasa wa maisha yake ambao waandishi wa sifa huupita mbio. Mwaka 1890 Selous aliongoza msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, akichagua njia na kusimamia ukataji wake. Njia zile alizijua kwa sababu Lobengula alimruhusu kuwinda. Miaka mitatu baadaye ufalme wa Lobengula ulivunjwa kwa bunduki za Maxim, na Selous alikuwa upande wa wavunjaji, akajeruhiwa vitani. Mwaka 1896 Wandebele walipoinuka, akapigana nao tena. Mfalme alimpa kibali cha tembo, yeye akaleta wenye nchi wapya. Hili haliwezi kufichwa chini ya hadithi za ujasiri.

Baadaye alihamia Surrey, Uingereza, na mkewe Gladys, akawa mzee wa kriketi na baiskeli, anayeendesha maili nyingi kuliko vijana. Na hapo bunduki zake zikazidi kuwa ndogo. Ufaransa ilikuwa imeanzisha baruti isiyo na moshi mwaka 1886, yenye nguvu kuliko baruti nyeusi, na mitutu yote duniani ikaanza kukonda. Selous akaingia kwenye .303, yaani milimita 7.7, kwa bunduki ya risasi moja ya mtambo ule ule wa Farquharson. Akatumia pia Mannlicher ya .256, milimita 6.5, ambayo kichwa cha risasi yake ni gramu 10 hivi. Kutoka gramu 113 mpaka 10. Mtu yule yule, bega lile lile.

Jeshi la Uingereza nalo lilifanya hivyo kwa njia ya karakana. Lilikuwa na Martini-Henry nyingi za risasi moja, mtutu wa milimita 11.4. Badala ya kuzitupa, nyingi zilivuliwa mtutu, zikawekewa mwembamba wa .303 wenye chemba mpya, zikarudi kazini. Kazi hiyo ya kubadilisha chemba haijafa. Farquharson za Gibbs zilitengenezwa chache, hazikufika 1,000, na leo zinatafutwa kama jezi ya fainali. Wengi wanaozipata wanakuta risasi zake haziuzwi tena popote. Fundi ana njia mbili. Anaweza kuunda maganda kutokana na ya aina nyingine ili bunduki ibaki kama ilivyozaliwa. Au anaichonga chemba upya, mara nyingine baada ya kuvisha bomba jembamba la chuma ndani ya mtutu uliolika, ili ile risasi ya dukani.

Njia ya pili ndiyo inayogombanisha watu. Chemba ikikerezwa imekerezwa, hairudi. Bunduki iliyokaa miaka 130 na alama zake inakuwa nyingine. Na kuna hatari kubwa zaidi: chuma cha zama za baruti nyeusi hakikupimwa kwa nguvu ya baruti ya leo, na mtutu ukipasuka unapasukia usoni. Uingereza, bunduki iliyobadilishwa chemba lazima ipimwe upya na kugongwa muhuri, London au Birmingham, kabla ya kuuzwa. Hapa kwetu mambo yote ya silaha yako chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na bunduki isiyo na kibali ni kesi, iwe mpya au ya babu.

Marekani walitoka na jibu lao. Kampuni ya Ruger ilileta mwaka 1967 bunduki mpya ya risasi moja iliyofuata mfano wa Farquharson, kwa wanaotaka mlango ule wa kuporomoka bila kugusa kitu cha makumbusho.

Mwaka 1909 Selous alimsaidia Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuwa rais wa Marekani, kupanga safari yake ya kuwinda, wakapanda meli moja mpaka Mombasa. Vita Kuu ilipoanza 1914, alikuwa na miaka 62 na akataka kwenda. Walimkatalia kwa umri. Akasumbua mpaka wakachoka. Mwaka 1915 akachukuliwa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichojaa watu wazima wenye uzoefu wa porini, wakaletwa Afrika Mashariki. Mchezaji mkongwe ametoka benchi dakika za nyongeza.

Juni 1915 alikuwa kwenye shambulio la Bukoba, wakitokea Kisumu kwa meli. Wengi wa wenzake walioonekana majabali walimalizwa na malaria na kuhara kuliko risasi. Mzee huyo alitembea.

Upande wa Wajerumani, askari wengi walianza vita na bunduki za risasi moja za mfano wa 1871, za baruti nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi linakaa juu yako kama bendera na kila adui anajua ulipo. Walipigana nazo hivyo hivyo, wakashinda Tanga Novemba 1914 na kuokota bunduki bora za Waingereza, na nyingine zikaletwa na meli zilizopenya kutoka Ulaya.

Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka Songwe kutoka upande wa Karonga, yakapita nchi ya Kyela na kuuchukua mji wa Tukuyu, uliokuwa ukiitwa Neu Langenburg. Selous alikuwa kaskazini, mgonjwa. Alirudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji. Mtu wa miaka 64, ana ruhusa ya kubaki nyumbani na nishani ya DSO aliyopewa mwaka huo huo. Akarudi Afrika.

Tarehe 4 Januari 1917, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 65, kapteni Selous alikuwa na watu wake Beho Beho, si mbali na Rufiji, wakijaribu kuwakatia njia Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Wadunguzi walikuwa wamejificha. Aliinua kichwa kuangalia wako wapi. Risasi moja ilimpata kichwani, akafa pale pale, wakamzika chini ya mti. Aliyemlenga alifanya kile Selous alichokifanya maisha yake yote: alitulia, akasubiri.

Mwanawe wa kwanza, Freddie, alikuwa rubani wa ndege za kivita. Alikufa angani Ulaya tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake.

Mwaka 1922 pori likapewa jina lake na serikali ya Uingereza. UNESCO ililiorodhesha urithi wa dunia mwaka 1982. Tembo wake, waliokadiriwa kuzidi 100,000 katikati ya miaka ya 1970, walikuwa wamebaki kama 13,000 katika hesabu ya 2013, kazi ya majangili wenye silaha ambazo Selous hakuwahi kuziona. Mwaka 2019 sehemu kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi la Beho Beho liko huko, na watalii wanapelekwa kuliona. Wabeba bunduki waliomshindilia baruti, waliokimbia naye na waliokufa naye katika nchi ya Waila, hawana jiwe lolote lenye majina yao.